Mama wa Panga Saba, Kutoka Kindu Hadi Kibombo

Niliondoka Kindu kwa sababu ya majivuno. Miaka ile vita vya Wazungu na Waarabu vilikuwa vimetulia, nami nilikuwa nimemaliza masomo yote yaliyokuwepo misheni, nikajiona kilele cha elimu katika Maniema nzima. Padri alinipa bunda la picha takatifu zilizopigwa chapa Ulaya, nizigawe vijijini hadi Kibombo. "Picha ni kitabu cha asiyejua kusoma," alisema. Kisha akanipa kijitabu cha kuzieleza hizo picha, na amri: asiyekariri maelezo asipewe. Tazama akili hiyo! Unampikia mwenye njaa, halafu unamkataza kula mpaka ataje majina ya kuni.

Mtumbwi ulipanda mto Lualaba polepole. Wapiga kasia walizitazama picha wakacheka. "Mwalimu, hawa watu wako wote iko na sahani kichwani. Wanauza chakula?" Nikawaita washenzi. Mimi mwenyewe lile duara la dhahabu, alama ya utakatifu, nililijua kwa kukariri tu.

Tuliposhuka mtumbwini, tulifika kijiji cha wakulima wa mpunga. Nilitandaza picha mkekani. Mama Kalonda, mjane aliyezika watoto wake wote watatu kwa ndui, alipiga magoti mbele ya Bikira mwenye panga saba moyoni. Picha ya namna hiyo nilikuwa nayo moja tu.

"Huyu mama analia mutoto," alisema.

"Umejuaje?"

"Si ninamuona? Hivi visu ndo watoto. Ye iko na saba. Mimi niko na vitatu."

"Hapana, mama. Ni panga za huzuni, na kila upanga una jina." Nikamsomea: unabii wa mzee Simeoni, kukimbilia Misri, na mengine yote. Akashindwa kuyarudia. Nikamnyima.

Kapita wa kijiji, msimamizi aliyewekwa na Wazungu, jina lake Mulamba, aliyashika majina yote kabla ya chakula cha mchana. "Mwanamke wa visu saba, na hafi!" alisema. "Nikimuweka mulangoni, nani ataniroga?" Nikampa, nikampongeza na kumpongeza.

Kibombo niligawa zilizobaki kwa mtindo uleule wa kipumbavu.

Wakati wa kurudi nilimkuta Mama Kalonda amezama matopeni, akipalilia mpunga wa kapita.

"Mama, shamba lako liko wapi?"

"Limeota majani, baba. Nikimaliza hapa, kapita ananiacha nimuangalie ule mama."

"Unamwambia nini?"

"Sisemi kitu. Ye mwenyewe anajua."

Nikamwendea Mulamba. "Nirudishie ile picha, nimpe mama huyu."

Akasimama mlangoni pake, akataja panga zote saba bila kusita, kisha akacheka. "Nimekosa wapi, mwalimu?"

Kwa sheria yangu, picha ilikuwa yake.

Niliporudi Kindu, padri aliniuliza ni nani aliyeielewa picha vizuri kuliko wote. Safari ile ilikuwa imenifunza kwamba aliyeielewa ni mwanamke aliyekuwa na matope hadi magotini. Nililijua jibu hilo mlangoni pa padri kama ninavyolijua leo katika uzee wangu. Nikamtaja kapita. Padri akafurahi, akanipa bunda jingine, nami nikalipokea kwa mikono miwili.