Kopo Nyuma ya Kitenge

Noeli ya barabara yetu, hapa mtaa wa Bel-Air, haina kamati wala mwenyekiti. Aliyeianzisha ni jirani yangu, mama mjane ambaye wazazi wake walitoka Kasai. Mwaka alipoianzisha, mvua iliangusha kuta za nyumba kadhaa na watu wakakosa pa kupikia. Alitoa sufuria yake kubwa nje, akatundika kitenge, akaweka pipa la unga nyuma ya kitenge hicho. Tangu hapo, kila Noeli asubuhi, majirani wenye malori, watu wa Kivu, wanatufungia turubai juu ya barabara. Kila mama analeta unga wa bukari, ugali wetu, kwenye beseni lililofunikwa, anaingia nyuma ya kitenge peke yake, anamimina, anafunika tena, anatoka. Mchana tunakula wote pamoja.

Mimi nilikuwa najivunia beseni langu. Kila mwaka nililijaza pomoni, nikatembea polepole ili watu waone ninavyolemewa. Kando ya pipa kulikuwa na kopo siku zote. Sikujiuliza hata mara moja ni la nini.

Mwaka jana nilipoteza kazi. Kufika Noeli, nyumbani hapakuwa na unga hata wa uji wa watoto. Ningeweza kujifungia ndani, lakini nilijua mtaa utasema nini, maana maneno mengi ya mtaa huu nimeyaanzisha mimi mwenyewe. Basi nikachukua beseni tupu, nikalifunika vizuri, nikatembea polepole kama kawaida yangu. Kama mtu angejitolea kunisaidia kubeba, ningeumbuka mbele ya barabara nzima.

Nyuma ya kitenge nilisimama kimya, nikingoja upite muda wa kutosha kumimina. Ndipo nikalitazama lile kopo. Lilikuwa jeupe kwa unga, ndani na nje. Mtu anayemimina hahitaji kopo. Kopo ni la kuchota.

Miaka yote hiyo nilipanga foleni na wanawake hawa, nikiwapima kwa macho, na baadhi yao walikuwa wakichota. Ni akina nani? Sijui, na sitajua. Jambo kubwa namna hii lilipita mbele yangu kila Noeli, nami ninayejidai kuona kila kitu sikuliona. Nililia pale pale, kwa mshangao kuliko kwa aibu.

Kisha nikachota, nikafunika.

Nje, mama mjane alikuwa ameketi akikipa kitenge mgongo, kama siku zote. Kila anayetoka anaambiwa maneno yale yale, naye hageuki kumtazama.

“Aksanti sana, mama,” akaniambia. “Noeli iko ya bantu bote.” Yaani, ni ya watu wote.

Nikapita katikati ya majirani na beseni langu zito, nikilibeba kama tulivyozoea wote kutoka nalo pale, kana kwamba ni tupu.