Nadhiri ya Fermín na Mawifi Wawili

Miaka thelathini na sita Casilda alisambaza barua kwa miguu hapa kwetu Nájera. Alipostaafu, watoto wake walidhani sasa atatulia. Wapi! Mumewe Fermín alikuwa ameweka nadhiri ya kutembea hadi Santiago, kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo, kilomita mia tano na themanini, akafariki kabla ya kuitimiza.

"Naenda mimi," Casilda alimwambia wifi yake Obdulia, dada wa marehemu.

"Wewe na nani?"

"Na miguu yangu."

"Alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako. Twende wote."

Hao hawakuwa wakiivana sana, lakini Casilda hakubisha. Alitandaza ramani mezani akaigawa safari siku ishirini na saba: kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, kufika kabla jua halijakolea, na mahali pa kulala mahujaji kila kituo. Kisha akalipandisha begi la Obdulia kwenye mizani. Kilo kumi na moja.

"Unanipima kama viazi?"

"Viazi angalau vinalika, wifi. Hii pasi ya nini?"

"Ulitaka niingie kwa Mtakatifu Yakobo nimekunjamana?"

"Mtakatifu mwenyewe alikuwa mvuvi!"

Pasi ikatoka, na magauni manne, na chupa ya manukato. Zikabaki kilo sita.

Jumamosi moja ya Aprili wakaenda kujaribu miguu mpaka Santo Domingo. Casilda alivaa buti mpya alizonunuliwa na wanawe. Obdulia, raba zake kuukuu. Walipopita Azofra, Casilda akaanza kuchechemea, meno ameyauma. Obdulia alimkalisha kando ya shamba la ngano, akamvua buti. Visigino vyote viwili vilikuwa malengelenge matupu.

"Loo, mwalimu wa kutembea huyo!"

Casilda alicheka mpaka akatokwa machozi, mara ya kwanza tangu mazishi. "Umenipata, wifi. Nimepanga kila kitu, visigino sikuviuliza."

Akarudia viatu vyake vya kazini, fundi akavitia soli mpya. Tarehe mbili Mei wakaondoka.

Galicia, jimbo la mwisho kabla ya kufika, mvua iliwanyeshea siku tatu mfululizo, na Obdulia akalala siku nzima kwa kuumwa tumbo. Casilda alikaa kando ya kitanda chake, akaipanga upya ratiba, akamwambia, "Pumzika. Santiago haihami."

Siku ya ishirini na nane wakaingia uwanja wa kanisa kuu. Obdulia aliliita jina la kaka yake kwa sauti, watu wakageuka. Casilda akamshika mkono, wakaingia misa ya adhuhuri na matope yao.

Baadaye, wakila pweza, Obdulia aliuliza, "Kutoka hapa mpaka baharini ni mbali?"

"Siku nne."

"Leo Jumatatu. Tukiondoka kesho, Ijumaa tumefika."

Na Ijumaa wakafika.