Mbwa Alipokaa Njiani

Jana niliinua mkungu wa ndizi sokoni, umefungwa kwa kamba mbichi ya mgomba, na ile harufu ya unyevu iliponifika nikaurudisha chini kwanza.

Nilipokuwa mdogo, siku moja baba mdogo alikuwa amemfunga mtoto wetu wa mbwa kwa kamba kama ile, nyuma ya baiskeli yake. Alisema mbwa wa kulinda kibanja, shamba la migomba la nyumbani, hukomazwa mapema, kwa hiyo atakimbia naye mpaka Izimbya. Mbwa mwenyewe alikuwa bado ananinyonya kidole. Kwenye mwinuko, miguu yake ya mbele ilianza kupinda, kisha akakaa kwenye vumbi jekundu. Kamba ikamkaba shingo.

"Inuka wewe!" baba mdogo akafoka, akakanyaga pedeli.

Mama akatoka migombani na jembe lake. Mbele ya shemeji yake hakuwa na kawaida ya kuinua hata macho. Akalilaza jembe, akaketi chini ubavuni pa mbwa, akaishika kamba kwa mikono miwili.

"Shemeji, achia."

"Mifupa yake bado laini," mama akaendelea. " Akikaa, na sisi tunakaa."

Baba mdogo akashuka, akaja akasimama mbele yake, mkono mfukoni. Nikasikia kuhema na sikujua anayehema ni mama, mbwa au mimi. Nikaenda nikaketi upande wa pili.

Mkono wa baba mdogo ulitoka mfukoni na kisu. Akainama, akakata kamba, akaondoka bila kutuangalia.

Tulibaki tumekaa pale njiani, hadi mbwa mwenyewe aliposimama.