Nilisema Yametoka Bombani

Bomba lilipofika mtaani kwetu Kariakoo nilikuwa na miaka kumi na tisa, na binti yangu alikuwa ameanza kutembea. Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita yenye ua nyuma. Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya reli, pale mtaa wa Gerezani. Alipenda vyuma kama watu wengine wanavyopenda njiwa. Siku Waingereza walipolifungua lile bomba alikwenda kulitazama mara mbili, kisha akanirudia akanishika mkono kama tunaenda harusini.

"Tazama," aliniambia tulipofika. "Yanapita chini ya ardhi, yanakuja yenyewe. Mwanangu hatakunywa tena maji ya vyura."

Alimbeba mtoto akamsogeza mpaka yale matone yakamgusa miguuni. Mtoto akacheka. Sijamwona tena mume wangu na furaha ya namna ile.

Kabla ya hapo tulichota kisimani, nyuma ya duka la Mwarabu mmoja, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mke wa mwenye duka alituachia mlango wa ua wazi asubuhi na alasiri. Kulikuwa na kivuli cha ukuta, kulikuwa na jiwe la kukalia, na maji yake yalikuwa baridi. Ukichoka, mwenzio anakuvutia kamba. Mtu akiwa na jambo zito moyoni, pale ndipo aliposemea.

Bwana afya alikuja akakitazama kile kisima, akapima kwa hatua umbali kutoka vyooni, akasema maji yale ni mabaya. Wakakifunika kwa mbao na misumari. Baada ya siku chache mke wa mwenye duka akaung'oa ubao mmoja. "Maji ya kufulia tu," alisema, na sote tukaitikia kuwa ni ya kufulia tu.

Mimi nilikwenda bombani kwa ajili ya mume wangu. Bomba lilikuwa na mkono wa shaba wenye springi kali. Lazima uukandamize muda wote. Ukiuachia, maji yanakatika. Walifanya hivyo ili maji yasipotee bure. Lakini yalipotoka yalitoka kwa nguvu, na debe tupu lilirukaruka, kwa hiyo mkono mmoja ukandamize na mwingine ushike debe. Mimi nilikuwa mwembamba, na mtoto alikuwa mgongoni. Nyuma yangu foleni juani, na pembeni askari wa bomba kwenye kiti chake, kazi yake kutuhimiza.

Siku ya tatu au ya nne mkono wangu ulichoka. Nikaukandamiza kwa kiwiko, mbeleko ikalegea, nikageuka kumdaka mtoto, debe likaanguka. Kanga ya kiunoni nayo ikafunguka. Nilisimama mbele ya watu wote nikiwa na shimizi iliyolowa, mtoto analia, maji yanatiririka kwenye vumbi.

"Wewe hukufundwa kwenu?" askari aliuliza. "Hata kushika bomba hujui? Toka, wapishe wenye nguvu."

Wanawake walicheka. Si wote, lakini mimi niliwasikia wote. Niliokota debe nikaondoka bila maji, na sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilipita ua wa Mwarabu. Mke wa mwenye duka aliniona nilivyolowa. Alimpokea mtoto, akanifunga kanga upya, akanichotea.

Alasiri mume wangu alirudi kutoka kazini, akaomba maji ya kunywa. Akayainua kwenye bilauri akayatazama kwenye mwanga.

"Haya ni ya bomba?"

"Ndiyo," nikasema. "Yametoka bombani."

"Unaona yalivyo meupe!"

Ningeweza kumwambia wakati ule. Lakini alikuwa ameshafurahi, na mimi niliona haya kumwambia kwamba kitu anachokisifu mbele ya karakana nzima mimi kimenishinda. Kesho yake ikawa rahisi zaidi kusema uongo. Nikaendelea hivyo kwa miezi, nikichota kisimani.

Binti yangu alianza kuhara mvua za masika zilipokolea. Mara ya kwanza tulidhani meno. Siku ya pili ikawa damu. Tulimpeleka hospitali, mume wangu amembeba mbio na mimi nyuma yake, na daktari msaidizi akaniuliza, "Mnakunywa maji gani?" Mume wangu akajibu kabla yangu: "Ya bomba, bwana. Ya bomba tu." Mimi nikainama kumfunika mtoto. Yule mtu akatikisa kichwa, akaandika, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Sijui kama jibu la kweli lingebadilisha kitu. Nimejiuliza maisha yangu yote na sijui.

Alikufa siku ya nne, adhuhuri. Alikuwa mwepesi kama nguo.

Matangani mume wangu alikaa na wanaume barazani. Mimi nilikuwa ndani, dirisha li wazi, nikamsikia.

"Ni mimi," alisema. "Mama yake alizoea kisima. Mimi nikang'ang'ania bomba. Wanatia dawa mle, nimeinusa mwenyewe siku ya kwanza. Mtoto mdogo ataistahimili vipi ile dawa? Nimemnywesha sumu kwa mkono wangu."

Wanaume hawakumpinga. Mmoja akasema hata yeye tumbo limekuwa likimsokota tangu bomba lije. Mwingine akasema wamesikia dawa ile inawafunga wanawake uzazi. Kabla matanga hayajaisha, habari ilikuwa imefika soko lote: mtoto wa fundi wa reli ameuawa na bomba. Foleni ikakatika. Nilipotoka nje baada ya siku zile nilimkuta askari amekaa peke yake kwenye kiti chake, hana wa kumkaripia. Na ua wa Mwarabu ulijaa. Walikuwa wameng'oa mbao zote.

Chumba cha mbele yetu alikaa mama mmoja muuza vitumbua. Alikuwa na mikono minene ya kupiga unga, na bomba halikumsumbua hata siku moja. Tangu lifunguliwe alichota pale tu. Alikuwa na mwana wa miaka minne. Alinijia akakaa kando yangu mkekani.

"Shoga, samahani kukuuliza ukiwa na msiba," alisema. "Lakini wewe umeona kwa macho yako. Niliache lile bomba?"

Nilitazama chini. Nilisema, "Sijui." Yeye akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake, akaondoka akachukua debe, akaelekea kisimani.

Siku kama kumi baadaye nilimsikia mwanawe analia, kilio kile kile. Nikaenda mlangoni. Chungu cha maji kilikuwa pale pembeni na kata juu yake. Nilikipiga teke kikapasuka. Yule mama akaruka, akadhani nimerukwa na akili.

"Mpeleke hospitali sasa hivi," nikamwambia. "Waambie anakunywa maji ya kisima. Wa kwangu pia alikuwa anakunywa ya kisima. Sikuwahi kumnywesha ya bomba. Nilidanganya."

 Hakunitukana. Alimfunga mtoto mgongoni akatoka, na maneno aliyoyasema akiwa mlangoni nayakumbuka: "Nilikuuliza."

Mwanawe alipona, baada ya wiki tatu, akarudi shingo nyembamba na nywele zimenyonyoka. Mama yake alihamia mtaa mwingine. Hatukusalimiana tena.

Mume wangu nilimwambia alasiri ile ile, bado amevaa nguo za kazi. Nilimweleza yote: springi, debe, kanga, askari, kicheko, kisha kila siku aliyoniuliza na kila siku niliyomjibu. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza alichukua debe akatoka.

Alikwenda bombani. Mtu yule alikuwa na mabega ya kuinua mataruma ya reli, na hakuwa na mtoto mgongoni. Alirudi suruali imelowa mpaka magotini na debe limefika nusu.

"Mkono ule ni mgumu," akasema. Kisha akasema, "Hukuniambia."

"Ulikuwa unafurahi sana."

Akayamimina yale maji chunguni.

Tulijaribu kuwaambia watu. Yeye aliwaambia wanaume, mimi niliwaambia wanawake uani, mbele ya mke wa mwenye duka, ambaye alikaa kwenye lile jiwe akafunika uso wake kwa ushungi. Wengi hawakuniamini. "Huzuni imemchanganya," walisema. "Sasa anajitwika mwenyewe." Bomba la serikali lilikuwa rahisi kulichukia, lakini mimi nilikuwa mwenzao. Ilibidi bwana afya arudi na watu wake na mikokoteni ya kifusi, wakakijaza kisima mpaka juu mwenye duka akitazama. Hapo ndipo foleni ilirudi, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda. Wakati huo mtaa wetu ulikuwa umeshazika watoto wengine wawili. Mmoja wao nilikwenda kumwosha, kwa kuwa mama yake alinitaka. Wa pili mama yake alinifungia mlango.

Mume wangu alitengeneza ndoano ya chuma ya kuushikilia ule mkono wa bomba, ili mwanamke aweze kushika debe kwa mikono miwili. Askari aliitoa siku hiyo hiyo, akasema kuharibu mali ya serikali ni kesi.

Hakuniacha. Watu wa kwao walimshauri na yeye hakuniacha, na baadaye tulipata watoto wengine. Lakini kuanzia wiki ile aliamka kabla ya kwenda kazini akasimama kwenye foleni ya wanawake na chungu chake kidogo, akachota maji ya kunywa yeye mwenyewe. Majirani walimsifu, wakaniambia nimebahatika kupata mume. Mimi nilichota ya kupikia na ya kuogea. Ya kunywa hakuniachia tena, na yangu hakuyanywa hata nilipoyachota mbele ya macho yake.