Lynnet na Gitaa la Jumamosi

Awendo nzima ilijua Lynnet ana sauti, na nusu ya Awendo iliamini ameiharibu. Alikulia katika kwaya ya Waadventista iliyofundishwa na mama yake, Jedidah, ambako watu waliimba bila chombo chochote. Kisha akaenda kusoma Rongo, akakutana na Gordon na gitaa lake la umeme, wakaunda bendi ya roki iliyoitwa Moshi wa Miwa. Jedidah hakupiga kelele. Alimtoa kwenye kwaya, na tangu hapo hakumsikiliza akiimba, hata redioni.

Hilo lilimuuma Lynnet kuliko yote. Bendi ilianzia kwenye harusi za Kosele, ambako wazee walioagiza muziki wa benga waliwatazama kama wendawazimu, ikapanda mpaka madereva wa malori ya miwa wakaziimba nyimbo zao bila kukosea neno. Watu walimshangilia kila mahali, naye bado akamtaka mtu mmoja tu amsikie.

Ndipo wakaalikwa kwenye tamasha kubwa la Homa Bay, Jumamosi. Walipofika, wakaambiwa wapande saa kumi jioni. Lynnet akakataa katakata. Sabato ilikuwa haijaisha.

"Wewe ni msanii ama ni pasta?" akafoka mwandaaji, Nicholas. "Ukikataa, nafasi yako naipa mtu mwingine!"

"Mpe. Mimi naimba jua likizama."

Gordon nusura alie. Nicholas aliwapa wengine nafasi kweli, na bendi ikaketi nyuma ya jukwaa kama wageni wasioalikwa. Lakini giza lilipoingia, mwimbaji nyota kutoka Nairobi alikuwa bado yuko njiani, na umati umeanza kuzomea. Nicholas akarudi, mpole ajabu.

"Dada yangu, si jua limezama? Panda, tafadhali."

Lynnet akapanda, na jamani, aliimba! Umati uliozomea sasa uliruka. Katikati ya wimbo wa pili, mama mmoja akapanda jukwaani, mkono juu. Wajaluo wana pakruok: muziki ukimgusa mtu, huusimamisha ili ajisifu au amsifu mtu wake. Ni mambo ya benga, si ya roki, na Gordon hakutaka kunyamaza. Lynnet akamshika Gordon mkono ili aache kupiga. Mama huyo alikuwa Jedidah, mwenye nguo zake za kanisani. Alikuwa mjini kwa makambi ya kanisa, na habari za mwimbaji aliyemgomea mwandaaji kwa ajili ya Sabato zilikuwa zimemfikia huko.

Akachukua maikrofoni.

"Mimi Jedidah, min Lynnet, mama yake huyu! Hii sauti ilitoka kwangu. Hizi gitaa sizipendi, siwadanganyi. Lakini mtoto wangu anaimba!"

Uwanja ukalipuka. Lynnet alijaribu kuendelea, akaanza juu mno, sauti ikakatika, machozi yakamtiririka mbele ya watu wote.

"Ulianza juu sana, nyathina, mwanangu," Jedidah akamwambia, kisha akamtolea sauti ya kuanzia, kama alivyowatolea wanakwaya wake kila Sabato. Lynnet akaipokea, akaimba.