Mukwe Aliyekataliwa na Tumbo la Panya

Sikia vizuri, kwa sababu sitarudia. Hii si hadithi ya kuwalaza watoto. Mimi mwenyewe nilikuwepo, miguu yangu ndani ya mayi ya ziwa Mweru, jua likiwa utosini, na akili zangu zote kichwani. Mutu akikuambia kwamba mambo ya namna hii hutokea usiku tu, muambie aje anione mimi. Yalinikuta muchana kweupe, na alama yake ninayo hapa, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Ukitaka, leta mukono uguse.

Ilikuwa wakati wa Federesheni, Waingereza wakitawala upande wetu wa ziwa, Wabelgiji upande wa pili. Nilifanya kazi hapa Nchelenge, kwenye labo, maabara ndogo ya ugonjwa wa usingizi, ule unaoletwa na mbung'o. Kazi yangu ilikuwa panya. Panya weupe wa kuletwa ndani ya masanduku, siyo hawa wa shambani tunaowachoma na kulia bukari, ugali wetu. Niliwalisha, niliwasafisha, na siku ikifika niliwapasua. Njo sababu watu waliniita mutumbula, yaani mutu anayetumbua wenzake na kuwauzia wazungu damu. Mwanamuke akiniona njiani alivuta mutoto wake nyuma ya kitenge. Ilinikera? Ilinikera sana! Lakini mushahara ule ulilisha mama yangu na dada yangu mudogo, Chola. Baba alikuwa amefariki zamani. Kwa hiyo nilikuwa nacheka na kupita.

Kwanza nikueleze tumbo la panya, maana bila hilo hutaelewa kitu. Dokota wetu, muzungu mupole asiyependa maneno mengi, alichukua damu ya mutu na kumudunga panya tumboni. Damu ikiwa na wadudu wa usingizi, watajionyesha kwa panya hata kama kwa mutu wamejificha. Baada ya siku chache tunamulalisha panya kwa dawa, asiamke tena. Tunamuosha tumbo kwa ndani na mayi ya chumvi, tunavuta yale mayi, tunayatia kwenye kioo cha mikroskopi. Humo unaona chembe za mwili, zile zinazotambaa polepole na kumeza kila kisicho cha pale. Dokota alikuwa na jina lao refu la Kizungu. Mimi niliwaita walafi. Wengine wanakaa tumboni, wengine wamejaa ndani ya bandama, kile kinyama chekundu kinacholala pembeni ya tumbo kama ulimi. Ugonjwa ukiingia, walafi wanaamka, wanaongezeka, wanakula, na bandama inavimba. Mulafi hana haya hata kidogo. Hajui mukubwa, hajui mugeni wa heshima. Kama si wa nyumbani, anakula.

Bon. Mwaka ule akaja Ilunga.

Alitoka ng'ambo, upande wa Congo, peke yake katika mutumbwi wake. Kijana murefu, suruali imenyooka, kofia ya Kizungu, sauti ya chini. Alimuona Chola akianika samaki, akamutaka. Chola alimupenda, lakini mama alimupenda zaidi! Na kwa nini asimupende? Kwetu mukwe mupya hali chakula mbele ya mama mukwe, wala hamuangalii usoni, mpaka siku apikiwe na kuingizwa ndani rasmi. Vijana wengi inawashinda. Unamukuta mutu amejificha nyuma ya nyumba anatafuna kichwa cha samaki. Ilunga haikumushinda. Mama alimupelekea bukari na samaki wa kuchoma huko nje alikokaa, akavirudisha vilevile na shukrani nyingi. Akiitwa akae, alikaa nje ya mukeka. Jumapili alisimama nje ya kanisa mpaka wimbo wa mwisho, na wazee wa kanisa wakasifu unyenyekevu wake. Miguu yake ilikuwa na mayi kila wakati, hata kiangazi, na mama akalisifu hilo pia.

"Unaona? Anaosha miguu kabla ya kukanyaga uwanja wangu. Wewe mutumbula, jifunze adabu."

"Mama, huyu mutu anakula wapi?"

"Kwa rafiki zake."

"Rafiki gani? Nani amemuona akila?"

"Mugeni njoo, mwenyeji apone!" Mama akanigeuzia mugongo. "Wewe una wivu tu. Unataka dada yako aolewe na panya?"

Niamini, hata mimi nilimupenda kidogo. Alicheka vichekesho vyangu vyote, ingawa alicheka na mudomo umefungwa.

Siku moja akaleta habari kwamba mama yake ni mugonjwa huko ng'ambo, anataka kumuona bibi arusi kabla hajafa. Akaomba avuke na Chola Jumamosi, kisha warudi kwa sherehe ya kuingizwa. Mama akakubali hata kabla hajamaliza kusema. Lakini wakati ule hakuna aliyevuka ziwa bila karatasi ya damu kutoka kwetu. Basi wakaja labo wote wawili. Ilunga alisita mulangoni, akaniuliza kwa upole kama hakuna njia nyingine.

"Yaya, kaka yangu, muone huyu!" Chola akanicheka mimi na yeye pamoja. "Mwanaume muzima anaogopa sindano!"

Nikamufunga Ilunga mupira mukononi, nikamudunga. Damu ilitoka, na chupa ikawa baridi vidoleni mwangu. Nikasema moyoni, labda ametoka kwenye upepo wa ziwa. Dokota akaiangalia kwenye mikroskopi, akaniachia na mimi niangalie. Damu ya mutu, safi, sawa na ya kwako na ya kwangu. Akawaandikia karatasi. Halafu, kama desturi ya kazi yetu, damu ya Chola tukaitia kwa panya wake, na damu ya Ilunga kwa panya wake, kila kundi na sanduku lake.

Jumamosi asubuhi niliwakuta panya wa Chola wanakimbizana na kugombania mahindi. Wa Ilunga walikuwa wamejikunja pamoja kwenye kona, manyoya yamesimama, matumbo yamekaza. Dokota akasema tuwafungue tuone. Nikafungua.

Yesu wangu! Nilikuwa nimepasua panya wengi sana, wa usingizi, wa malaria, wa magonjwa yasiyo na jina. Sijaona bandama kama ile. Ilijaza upande muzima, imesukuma matumbo pembeni, na ilikuwa nyeusi. Tukaosha tumbo, mayi yakatoka yamechafuka. Kwenye kioo walafi walijaa mpaka hakuna nafasi, wanapandana, kila mumoja amemeza punje nyeusi mpaka anapasuka, na wengine wanakuja nyuma yake kumumeza yeye. Mayi yaliyobaki niliyaacha kwenye glasi. Yalipotulia, chini kulikaa tope. Nikanusa. Ilikuwa harufu ya chini kabisa ya ziwa, ile inayopanda wavu unapokwama siku nyingi.

"Sindano ilikuwa chafu," dokota akasema.

"Dokota, sufuria ilikuwa moja na moto mumoja. Nimezichemsha mimi. Panya wa dada yangu wanacheza pale!"

Akakuna kichwa, akaangalia tena, akasema tutarudia Jumatatu. Simulaumu, kazi yake ilitaka kurudia. Lakini Jumatatu dada yangu angekuwa wapi? Na mimi nilikuwa nimeshaelewa. Macho ya mama yalidanganywa, macho yangu yalidanganywa, hata mikroskopi ilidanganywa. Tumbo la panya halikudanganywa, kwa sababu lenyewe halina adabu. Lilimuonja Ilunga na likamukataa kwa nguvu zake zote. Nikatupa koti la kazi mezani, nikapanda baiskeli.

Pwani ya ziwa niliwakuta. Chola alikuwa ameshakaa ndani ya mutumbwi, sanduku lake magotini, kitambaa kipya kichwani. Ilunga alisimama ndani ya mayi akishika ubavu wa mutumbwi, tayari kuusukuma. Mama alikuwa muchangani anapunga mukono na kulia kwa furaha. Wavuvi kama wanne walikuwa wanakula kando ya nyavu zao. Nikawapita mbio, nikachota bonge la bukari kwenye sahani yao, mumoja akapiga kelele, nikaingia ziwani mpaka magotini.

"Shemeji," nikamuambia, "kula hii mbele yetu. Ukimeza, nenda na dada yangu."

Mama alipiga yowe. "Mayo! Mukwe wangu ale mbele ya macho yangu? Unanivua nguo mbele ya watu!"

"Nakuvua, mama. Utavaa baadaye."

"Yaya, umelewa?" Chola akauliza. Alikuwa na hasira na aibu, na mimi nilimuonea huruma, lakini mukono wangu haukushuka.

"Heshima inanikataza," Ilunga akasema kwa ile sauti yake nzuri.

"Heshima nakuondolea mimi. Kula."

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu. Macho yake hayakuwa mabaya. Yalikuwa ya mutu aliyechoka kusubiri. Akanisogelea, akaniuliza polepole, mimi na yeye tu tusikie, "Nani alikuambia?"

"Panya."

Basi akacheka, na safari hii alifungua kinwa. Hamukuwa na ulimi. Hamukuwa na meno. Mulikuwa na tope jeusi, na juu ya tope mayi yanacheza, taratibu, kama yanavyocheza pembeni ya ziwa. Chola aliona. Mama aliona. Wavuvi waliona, na mumoja wao aliacha hata sahani yake na nyavu akakimbia.

Nilifikiri atanizamisha. Hapana. Aliweka kidole hapa, chini ya mbavu za kushoto, akabonyeza. Baridi iliingia mpaka ndani. "Mama yako alinipokea," akasema. "Dada yako alinipokea. Kanisa lilinisifu. Wewe umenikataa. Basi, chukua kipande changu, uwape walafi wako kazi." Kisha akageuka, akatembea kwenda kwenye kina. Mayi hayakupiga wala hayakutikisika. Yalipanda mpaka kiunoni, mpaka shingoni, mpaka kofia, na kofia nayo ikaenda.

Nilimubeba Chola mabegani mpaka muchangani, na sanduku lake. Wavuvi waliobaki walivuta ule mutumbwi nchi kavu. Ulikuwa umeoza. Mukono ungepita katikati ya mbao, na makonokono yalikuwa yamejenga ndani. Muzee mumoja akasema anaujua, ulizama zamani, kabla mimi sijazaliwa. Na dada yangu alikuwa amekaa humo na sanduku la nguo zake za arusi! Mama alikaa chini pale pale, hakulia, akashika tu muguu wa Chola na kuukausha kwa kitenge chake, tena na tena, hata ulipokuwa umeshakauka.

Tangu siku ile bandama yangu imevimba. Dokota aliipima, akatafuta malaria, akatafuta usingizi, hakukuta. Aliwadunga panya kwa damu yangu, na wale panya wakanenepa. Akaandika kwamba haelewi, akaniongezea maziwa. Mimi ninaelewa. Walafi wangu wamemushika yule mutu humu ndani na hawamuachii, na mimi nimewaambia wasile haraka, tuna muda. Nimezeeka naye, nimezaa watoto yeye akiwa humu, nimecheza mupira naye. Akisogea kidogo usiku, napiga ubavu, anatulia. Unafikiri ninamuogopa? Yeye njo amefungwa, siyo mimi.

Mama hakuniita mutumbula tena. Alipika chakula, akawaalika wale wanawake waliokuwa wakivuta watoto wao, akawaambia mbele yangu, "Huyu ni mutoto wangu, na kazi yake nimeiona." Na mpaka leo nyumbani kwetu panya haliwi, hata njaa ikiingia. Chola aliolewa na kijana wa kijiji cha Kafutuma ambaye alishindwa kabisa kuvumilia njaa ya ukweni. Mama alimukamata nyuma ya nyumba na samaki mudomoni, akacheka mpaka akakaa chini. Hiyo ndoa ilikuwa nzuri.

Juzi tu mujukuu wa Chola alileta muchumba. Kijana muzuri, viatu vinang'aa, mupole. Chakula kikaletwa, akasema, "Asante, bibi, nimeshiba." Nikashika ubavu. Chola akaniona nikishika. Yeye sasa ni muzee, magoti yanauma, lakini aliinuka mwenyewe, akachukua sahani na kuiweka magotini kwa yule kijana. "Kula," akasema, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza. Watu wakainama kwa aibu. Kijana akatazama huku na huku, akamega, akameza. Akamega tena. Akamaliza samaki na kunyonya mifupa, maskini, kumbe alikuwa na njaa tangu asubuhi. Chola akapumua, na mimi nikatoa mukono ubavuni.

Nawe mwenye dada, mwenye binti, sikia. Adabu ni kitu kizuri, na mila zetu sizitukani. Lakini mugeni akikushinda kwa heshima, akiwa hana kosa hata moja, mutilie bukari mukononi na umuangalie koo. Aibu utaimaliza kesho kwa kuomba radhi. Usisubiri uhakika wa Jumatatu. Mimi niliendesha baiskeli mbio sana siku ile, na bado dada yangu nilimukuta ameshakaa ndani ya mutumbwi.