Njia ya Toleka

Mama yangu alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda cha mguuni ambacho kilitakiwa kusafishwa hospitalini kila baada ya siku mbili. Kutoka kwetu Mangobo hadi huko si mwendo wa mguu uliovimba. Pikipiki hakuiweza: goti lilikataa kukunjika, na akikaa upande, mguu unabaki nje kungoja kugongwa. Aliyembeba ni jirani yetu, mzee wa toleka, yaani baiskeli ya abiria yenye kiti cha sponji nyuma. Alikuwa wa mwisho katika avenue yetu. Wenzake wote walishahamia kwenye pikipiki.

“Mutoto yangu, bamotard banatusukumaka mu mufereji,” aliniambia, akiwasema madereva wa pikipiki. “Mimi nitaacha hii kazi.”

Mimi ni karani wa serikali, na karani akishikwa na wazo hatulii. Sikuomba basi wala lami. Niliomba ukanda mwembamba wa baiskeli pembeni mwa barabara, mawe yapakwe chokaa, na benchi moja yenye bati la kivuli. Barua yangu ilizunguka ofisi kwa ofisi mpaka nikachoka kuiulizia. Basi tukafanya wenyewe siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Mawe tuliyaokota, chokaa kilikuwa kimebaki kwenye ujenzi wa msikiti. Mama alitoka nje na kiti chake, akakaa kutusimamia, akicheka jinsi ninavyoshika jembe. Nilifurahi siku ile, sifichi.

Ila ubao niliuandika mimi. Kwa herufi kubwa nyekundu: TOLEKA. Nilimaanisha baiskeli. Nilisahau, mimi mzaliwa wa hapa, kwamba kwa Kilingala neno hilo ni “tupite”.

Kesho yake pikipiki zilijaa ndani ya ukanda. Nilimsimamisha dereva mmoja nikamfokea.

“Papa, si weye mwenyewe uliandika toleka?” alisema, wala hakuzima injini. “Alors, tunatoleka!”

Watu walicheka sana. Nilifuta ubao nikaandika VELO TU, yaani baiskeli peke yake, lakini nani asome tena? Walishazoea. Siku chache baadaye wenye pikipiki waligonga gurudumu la nyuma la mzee wetu, akaanguka. Bahati hakuwa na abiria. Aliikokota baiskeli hadi nyumbani, na hakurudi tena barabarani.

Mama akaanza kuruka siku za kusafishwa kidonda. Mara mvua, mara hakuna wa kumbeba, mara anasema, “Acha, leo hakiumi.” Hakikuuma kwa sababu mguu ulikuwa unakufa. Niliona, na bado nikakubali kudanganywa, kwa sababu ilinipunguzia aibu. Mwisho tulimpeleka kwa pusipusi, mkokoteni wa magunia, akiwa amefunikwa kitenge.

Walimkata mguu. Siku ya kumtoa hospitalini, muuguzi alinipa karatasi, akanieleza kwa upole:

“Papa, kidonda ya pale tulikata mama tutaisafishaka hapa, kila siku mbili. Musikose.”

Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu mwenye namna ya kumleta.